Tulikuwa Batano

Tangu Jumapili watoto wa mtaa wetu wananiita Papa Giza. Hawajifichi. Nikipita kwenda kununua makala, mmoja wao anasimama katikati ya njia, anakakamaa, anatoa macho bila kupepesa, na wenzake wanahesabu kwa sauti moja mpaka thelathini. Halafu wote wanaanguka chini kwa kicheko. Mchezo huu haukuwepo hapa Kanyabayonga, mashariki ya Kongo, wiki iliyopita. Umeletwa na watu wa doria, na sheria zake wamezitoa kwangu.

Mambo ya Ijumaa usiku yamekwisha kusimuliwa kisimani, kanisani na kwenye vituo vya pikipiki, kila mahali kwa namna yake, na katika masimulizi hayo yote hakuna hata moja ambamo mimi nina akili. Kwa hiyo nayaandika hapa kwa mpangilio, ili walau iwepo nakala moja yenye upande wangu.

Usiku ule nilikuwa nimepanda ukingoni, upande ule ambako mji unakatika ghafla na barabara ya taifa namba 2 inaanza kuteremka kwa kona kali za Kabasha kwenda Rwindi. Mchana, ukisimama pale, tambarare yote ya mbuga ya Virunga imetandazwa chini yako, na hewa ikiwa safi unaona hata Ziwa Edward. Usiku huoni kitu. Ndiyo maana nilikwenda usiku.

Nilikuwa na kamera ya mtumba niliyoipata Butembo, stendi ya miguu mitatu, waya wa kufyatulia, chupa ya chai, na kitenge cha mke wangu cha kuifunika kamera isipate umande. Niliifunga kamera kwenye stendi, nikaielekeza mashariki, nikabonyeza, nikaacha jicho lake wazi. Kisha nikaketi juu ya jiwe, nikamimina chai. Kazi yote ni hiyo. Wapo wanaocheza karata, wapo wanaofuga njiwa. Mimi nafungua, nakaa, nafunga.

Sasa nieleze kinachofanyika humo ndani, maana kule nilikopelekwa sikuachwa nimalize. Foto ya kawaida, hii ya simu, hufungua jicho kwa kipande kidogo sana cha sekunde: moja ya mia, moja ya mia mbili. Mchana, mwanga unaoingia katika muda huo unatosha. Usiku hautoshi, kwa hiyo unaongeza muda. Ni kama kukinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya bati: mvua kubwa inaijaza mara moja, na manyunyu nayo yanaijaza, mradi uiache hapo. Nyota ni manyunyu. Macho ya binadamu hayana ndoo. Yanamwaga kila kilichoingia na kuanza upya, mara nyingi kwa sekunde moja. Kamera haimwagi. Inaweka, inaweka, inaweka. Nyota ambayo hujawahi kuiona tangu uzaliwe, kamera ikipewa sekunde kadhaa tu, inakuonyesha.

Na kwa kuwa dunia haitulii, nyota nazo hazitulii kwenye foto. Anga lote linazunguka digrii 15 kwa saa. Kwa dakika 25 ni digrii 6 na robo, ambayo ni sawa na kupanga miezi mpevu 12 bega kwa bega na nafasi ikabaki. Kila nyota inayochomoza mashariki hasa inachora mstari wa urefu huo. Vitabu vya Wazungu vinaonyesha miduara inayoizunguka Nyota ya Kaskazini, na kila anayeanza mchezo huu huota miduara ile. Sisi hatuna. Kanyabayonga iko kusini ya ikweta kwa umbali usiofika digrii moja. Nyota ya Kaskazini kwetu imelala kwenye upeo, nyuma ya milima, haina anayeiona. Badala yake tuna kitu ambacho mtu wa Paris au London hawezi kukipata nyumbani kwake hata akeshe mwaka mzima: ukielekeza kamera mashariki, nyota zinapanda wima. Wima kabisa, mstari kando ya mstari, kutoka ardhini kwenda juu. Kushoto zinaanza kuinamia kaskazini, kulia zinainamia kusini, na wewe umeketi mahali ambapo anga limegawanywa sawasawa. Siku niliyolisoma hilo sikulala. Mke wangu naye hakulala, kwa kuwa nilimweleza.

Halafu tuna giza. Nchini Namibia, hifadhi ya NamibRand ilipewa cheti cha kimataifa mwaka 2012 kwa ubora wa giza lake, na watalii wanapanda ndege kwenda kulilipia. Kanyabayonga hatuna cheti, lakini nani atashindana nasi? Taa chache za sola, moto wa mama aliyechelewa kupika, basi. Wote waliowahi kutuahidi umeme wamelilinda giza hili kwa uaminifu mkubwa. Ni mali yetu ya pekee ambayo haijawahi kuibwa, na mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kujaribu kuitumia.

Dakika zilikuwa zinakwenda vizuri. Kule chini, kwenye njia ya mashambani, niliona tochi ikipanda polepole, kona kwa kona, na nikafurahi, kwa sababu tochi inayopanda inaipa foto uhai. Nilikuwa namwombea mwenye tochi asichoke njiani. Hakuchoka.

Sitasema doria ile ilikuwa ya nani. Msomaji ana redio. Kwetu wanaouliza "nani hapo?" wamekuwa wakibadilika, swali halibadiliki. Itoshe kwamba walikuwa watu watano, tochi moja, na silaha zisizolingana.

"Iko nini hii?" aliuliza komanda.

"Apareyi ya foto, komanda."

"Na hii miguu?"

"Ya kuishika isitikisike."

"Juu ya nini isitikisike?"

Swali zuri. Nilianza kumjibu kwa furaha, nikafika kwenye ndoo, akanikata. Kitu chenye miguu mitatu, kilichoelekezwa bondeni usiku, chenye kijitaa chekundu, na pembeni yake mtu anakunywa chai: yeye alikitazama kwa jicho la kazi yake. Mmoja aliuliza kinarusha umbali gani. Mwingine, kijana mdogo, alitazama juu na kuuliza kama naita droni. Wa tatu aliona kitenge, akataka kujua ni cha nani na huyo mwanamke yuko wapi. Hilo la kitenge ndilo lililowachukua muda mrefu kuliko yote.

Niliamriwa kufunga. Nikafunga, dakika ya 25 ikiwa inakaribia kutimia. Na hapo ndipo kamera yangu mwenyewe iliponiuza.

Kuna jambo ambalo watu hawalijui. Kihisi cha kamera, kile kibati kinachopokea mwanga, kikifanya kazi muda mrefu kinapata joto, na joto hilo linazaa nyota za uongo: vitone vyekundu, vya buluu, vya kijani, vimetawanyika kila mahali. Waliounda kamera walitafuta dawa, na dawa waliyoipata naihesabu kati ya mambo mazuri kabisa ambayo binadamu amewahi kuyafikiri. Kamera ikimaliza foto ya kwanza, inafunga jicho na kupiga foto ya pili, ya giza tupu, kwa muda uleule. Ndani ya foto hii ya pili hakuna nyota ya kweli hata moja. Zipo zile za uongo peke yake. Kisha inatoa ya pili kutoka kwenye ya kwanza, na zinazobaki ni za Mungu. Hebu fikiria: chombo kinachojifungia gizani dakika 25 ili kijue uongo wake kabla hakijasema neno mbele ya watu. Nawafahamu wakubwa kadhaa ambao ningewafungia kifaa hicho bila malipo.

Ila maana yake ni kwamba baada ya dakika 25 za nyota zinafuata dakika 25 nyingine ambazo kamera haionyeshi kitu, haisikii amri, na kijitaa chake chekundu kinawaka. Ukiichomoa betri katikati, umepoteza vyote viwili.

"Onyesha foto," alisema komanda.

"Haijakuwa tayari."

"Si umefunga?"

"Nimefunga, komanda. Lakini bado inapiga."

"Inapiga nini na iko imefungwa?"

"Giza."

Walitazamana.

"Na ile ya kwanza ilikuwa nini?"

"Ile ilikuwa ya nyota. Hii ni ya giza lake yenyewe."

"Iko inatuma," alisema yule kijana wa droni. "Tosha batri!"

Nilipiga magoti. Watu wanaosimulia habari hii kwenye vituo vya pikipiki wanapenda sana sehemu hii, lakini hawasemi kwamba sikupiga magoti kwa ajili ya maisha yangu. Nilipiga kwa ajili ya batri. Doria nao hawakuelewa; walidhani nimekiri.

Tukashuka mjini kwa maandamano. Tochi mbele, mimi nyuma yake na stendi kichwani, kisha yule kijana ameishika kamera kwa mikono iliyonyooka, mbali na mwili wake, uso ameugeuzia pembeni. Kila mlango tulioupita ulifunguka kiasi cha jicho moja. Mtu mmoja aliuliza kutoka ndani, "Wamemshika na nini?" na komanda akajibu, "Bado inapiga."

Shefu wa mtaa alitoka amevaa koti juu ya pijama. Kamera iliwekwa mezani sebuleni kwake, na watu wote wakaizunguka: doria watano, shefu, na katibu wake aliyeitwa na daftari lake. Mimi nilikaa sakafuni. Mke wa shefu alileta chai akawapa wote isipokuwa mshtakiwa. Katibu aliandika tarehe, akaandika "Kosa", akaweka nukta mbili, akasubiri.

Hujui urefu wa robo saa mpaka uikae katika chumba chenye bunduki, wote mkiisubiri kamera imalize kupiga foto ya giza. Katibu alishindwa kuvumilia. Akauliza ni foto gani duniani inayochukua muda hivi. Nikamwambia ashukuru. Foto ya kwanza kabisa iliyobaki mpaka leo aliipiga Mfaransa Nicéphore Niépce mwaka 1826 au 1827, kijijini Saint-Loup-de-Varennes, kutoka dirisha la juu la nyumba yake, juu ya bamba la madini lililopakwa lami. Aliiacha kamera pale kwa saa nyingi. Wanaosema kidogo wanasema nane. Jua lilikuwa limepata muda wa kuvuka anga, kwa hiyo katika foto ile kuta za mashariki na kuta za magharibi zote zina jua. Shefu akauliza mtu huyo alikuwa na kazi gani nyingine. Sikujibu.

Kijitaa kikazimika. Foto ikatokea.

Ilikuwa nzuri. Nitalisema hilo mbele ya yeyote. Nyota zimepanda wima, nyembamba, mamia, zimesimama juu ya weusi wa bonde. Na kutoka chini ya foto, kona kwa kona, ukipanda njia ya mashambani, mstari mmoja mweupe, mnene, unaoyumbayumba, unakuja moja kwa moja kwenye kamera. Ilikuwa tochi ya doria. Doria yenyewe haikuwepo.

Komanda aliivuta kamera mpaka karibu na pua.

"Hii ni tochi yangu."

"Ndiyo, komanda."

"Hapa ni ile kona ya muti mukubwa."

"Ndiyo."

"Sasa sisi tuko wapi?"

Aliigeuza kamera, akaigeuza tena, akasugua kioo kwa kidole gumba.

"Tulikuwa batano," alisema, na sauti ilikuwa imepungua. "Batu batano. Batano bako wapi?"

"Mulikuwa munatembea, komanda. Anayetembea haonekani."

Kisayansi hakuna jibu sahihi kuliko hilo. Katibu, aliyekuwa amesubiri usiku kucha, aliinama akaandika mbele ya zile nukta mbili: bulozi.

Nikaomba kueleza, na kwa kuwa hakuna aliyekataa, nikaeleza. Mtu mwenye upana wa nusu mita, akipita mbele ya mti kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, anauficha mti ule nusu sekunde. Katika dakika 25 kuna sekunde 1,500. Kamera imeuona mti sekunde 1,499 na nusu, mtu imemwona nusu. Ukiiuliza kulikuwa na nini pale, itasema mti. Haidanganyi, imehesabu kura. Tochi imeshinda kwa sababu ina mwanga wake na inaurusha usoni mwa kamera. Mtu hana mwanga, huazima, na usiku ule hakukuwa na wa kumwazima.

Shefu aliuliza kama jambo hili limewahi kumpata mtu mwingine. Nikamwambia limeupata mji wa Paris. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kutoka dirishani kwenye barabara ya Boulevard du Temple. Mitambo ya siku zile ilitaka dakika kadhaa hata mchana. Barabara ilikuwa na pilikapilika zake zote, farasi, magari ya kukokotwa, watu wa kila aina. Foto ilipotoka, barabara ilikuwa tupu. Wamefutika wote, isipokuwa bwana mmoja kwenye pembe aliyesimama ameinua mguu kupakwa rangi kiatu, na mpaka rangi aliyeinama mbele yake. Hao wawili wanahesabiwa kuwa ndio binadamu wa kwanza kuonekana katika foto. Mji mzima ulipita. Akabaki aliyekuwa na nafasi ya kung'arisha viatu.

"Jina lake?" aliuliza katibu, kalamu tayari.

"Halijulikani."

"Na ule wa viatu?"

"Lake pia halijulikani."

Katibu alifunga daftari.

Ni komanda aliyekata shauri. Kama anayesimama anaonekana, alisema, basi watasimama, na nisipowaonyesha watakavyoonekana tutaongea mengine. Kwa taa ile moja ya sola, na lenzi nimeifunga nusu ili wa mbele na wa nyuma watoke vizuri, nilihitaji sekunde 30. Niliwapanga ukutani. Niliwaambia wasiseme, wasicheke, wasigeuke, wapumue kidogo. Nikahesabu kwa sauti, ndiyo hesabu hii wanayonihesabia watoto sasa.

Wanne walisimama vizuri ajabu. Kila kifungo kilionekana, kila kidole kwenye kila bunduki. Hata yule kijana wa droni alitoka na heshima ambayo hakuwa nayo. Komanda, yeye, kuanzia hesabu ya tano alikuwa anageuka kulia, kushoto, kulia, kuhakikisha kwamba vijana wake wamesimama barabara. Kwa hiyo ana buti, ana mkanda, ana mabega. Juu ya kola kuna ukungu, na ndani ya ukungu inasomeka kalenda ya parokia iliyokuwa nyuma yake ukutani.

Nimelifikiria sana hilo baadaye. Kati ya watu watano, aliyepotea ni yule aliyekuwa anasimamia wengine. Lakini si wazo ambalo ungelitoa katika chumba kile.

"Umekata kichwa yangu," alisema.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Habari zilikuwa zimemfikia kupitia ile milango ya jicho moja, akaja na sandali za tofauti miguuni, na kitu cha kwanza alichokitambua pale ndani kilikuwa kitenge chake. Alikichukua, akakikunja, ndipo akanitetea. Nimewahi kusikia mawakili wakisifiwa Butembo, lakini sijasikia utetezi wa namna ile. "Shefu, huyu hana ubaya," alisema. "Hata nyumbani anapiga foto ya ukuta, saa nzima, ukuta uleule. Mimi nilizoea. Watoto walizoea. Mupelelezi anatafuta kitu. Baba watoto hatafuti kitu."

Aliendelea hivyo kwa muda, akitoa mifano. Kila mfano ulinitoa hatiani na kunishusha. Mwishowe shefu aliinua mkono, akamwamuru katibu afute neno lile na kuandika hukumu, ambayo ninayo hapa, ina mhuri: si mpelelezi, si mlozi, ni mtu wa kuhurumiwa. Nikalipa pesa ya karatasi. Nikalipa chai ya doria, ambayo walikuwa wamekwisha kuinywa. Nikakumbushwa mchango wa lala salama, ule ambao kila nyumba inatoa ili ilindwe usingizini, na nikaulipa saa kumi za usiku nikiwa nimesimama wima.

Mengine yaliyonipata katika mchezo huu ni madogo. Butembo nilitaka mistari ya taa za pikipiki kwenye mzunguko, na pikipiki moja ikasimama mbele ya lenzi dakika zote, dereva akinisubiri nipande. Beni, kwenye arusi, bibi arusi alicheza akatoka na mikono saba. Mtoni foto ilitoka vizuri, viatu havikutoka. Kwenye chumba cha video nilimwiga Mjapani Hiroshi Sugimoto, ambaye tangu miaka ya 1970 hufungua kamera filamu inapoanza na kuifunga inapokwisha, na filamu nzima, mabusu na risasi, inabaki mraba mweupe: mwenye chumba alinishtaki kwa kuiba filamu, nikamwonyesha mraba, akaongeza shtaka la kuiharibu.

Lakini kuna foto moja ambayo sijaipiga, na hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko kukaa sakafuni kwa shefu.

Yupo Mjerumani anaitwa Michael Wesely. Aliweka kamera zake zitazame ujenzi wa jumba la sanaa la MoMA, New York, akaziacha wazi tangu 2001 mpaka 2004. Karibu miaka mitatu, foto moja. Jengo jipya linaonekana, na ndani yake, kwa kufifia, yanaonekana yaliyokuwepo kabla. Jua limechora mistari yake angani, siku baada ya siku, majira kwa majira. Mafundi walioinua jengo lile hawamo. Walikuja kila asubuhi miaka yote hiyo, wakabeba, wakachomelea, wakarudi nyumbani. Kamera haina habari nao.

Tuseme kamera hiyo ingekuwa juu ya paa hapa Kanyabayonga, ikitazama barabara, tangu 2022 mpaka 2025. Ingeona nini?

Ingeona barabara. Waliotukimbilia kutoka Rutshuru, wakalala madarasani na makanisani mwetu, hawamo. Mwisho wa Juni 2024, waasi wa M23 walipouchukua mji, sisi na hao wageni wetu tulitoka pamoja, tukaelekea kaskazini, Kayna, Kirumba, Lubero, Butembo, na barabara ikajaa usiku na mchana. Magodoro vichwani, mbuzi kwa kamba, chukudu za mbao zimebeba vyerehani na bibi vizee. Mimi nilipita pale na kamera yangu ndani ya sufuria, sufuria ndani ya godoro. Fanya ile hesabu ya mti: umati wote ule, siku zote zile, mbele ya jicho lililo wazi miaka mitatu, unakuja kuwa sifuri. Inabaki barabara safi, milima ya kijani, anga lenye mistari ya jua. Mtu ataitundika ukutani kwake, mbali huko, na kusema, nchi nzuri hii, tulivu, mbona haina watu?

Na usidhani ingekuwa tupu kabisa. Anayesimama anaonekana. Kile kizuizi barabarani kingeonekana vizuri sana, ule mti uliolazwa, kamba yake, na pembeni kiti ambacho hakijawahi kukaa bila mtu. Waliokikalia wamebadilika, mkono ulionyooshwa ni uleule, kwa hiyo ungetoka wazi, kila ukucha. Ndivyo mambo yanavyohesabiwa: wanaopita, hata wakiwa mji mzima, hawaachi alama, anayekaa pale pale akiwatoza ndiye anayeingia kwenye foto. Nikisikiliza jinsi watu wa mbali wanavyotujadili, wanayemtaja kwa jina na wanayemwalika mezani, nashuku kwamba kamera hiyo iliwekwa zamani, na ndiyo wanayoitumia.

Siombi kikubwa. Mchezo wangu hauhitaji kemikali, hauhitaji hata umeme mwingi. Unahitaji kitu kimoja ambacho wafanyabiashara wote wa Butembo, wanaoweza kukuletea chochote kutoka Dubai na Guangzhou, hawawezi kuniletea: mtu akae mahali pamoja saa nzima, usiku, nje, asiulizwe neno.

Kwa hiyo Jumatatu nilivaa shati la kola nikaenda kuomba kibali, kwa maandishi. "Mimi ninayetia sahihi hapa chini naomba ruhusa ya kukaa." Ofisi ya kwanza ilinituma ya pili. Ya pili ilikuwa na karani mtu mpole, akaisoma barua yangu mara kadhaa, akafungua kabati, akazipitia fomu zake zote mbele yangu ili nisiseme amenificha. Ipo fomu ya kusafiri. Ipo ya kupitisha mzigo. Ipo ya kuhama, ipo ya kupokea waliohama, ipo ya kuzika. Ya kukaa haipo, na hakumbuki mtu aliyewahi kuiulizia.

Alinionea huruma, nadhani alikuwa ameisikia hukumu yangu. Akanishauri nijaze ile ya kuhama, na pale panapoulizwa unakokwenda, niandike "hapahapa". Ada, alisema, haibadiliki.